Muulize Mama Hesabu: Vizibo vya Soda, Sufuria na Pesa za Wafadhili

Barua za mwezi huu zinanuka moshi wa kuni. Huenda ni kwa sababu mvua inakaribia, na kila anayeishi kando ya mto Mathare au mto Ngong ameanza kutazama juu. Huenda pia ni kosa langu, maana toleo lililopita niliropoka kwamba mwaka 2008 nilikuwa mpishi katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, wakati wakimbizi wa ghasia za uchaguzi walipokuwa wamelala pale. Wapishi wenzangu wakanisikia. Nimechagua barua tano. Wale wa mikopo ya chama, nawaomba mnisubiri.

*Mama Hesabu, salamu nyingi. Sisi ni akina mama 14 wa Mathare. Tulianza kupika Aprili 2024, mto ulipofurika na watu wakahamia madarasani na makanisani. Tangu hapo, mvua ikipiga vibaya au nyumba zikibomolewa, tunainjika sufuria. Tunachanga wenyewe, mama mboga wanatupa sukuma iliyolala, na mwenye kinu cha posho anatupa unga. Sasa kuna kijana amekuja na laptopu. Anasema tukimpa shilingi 15,000 atatuandikia ombi la ruzuku ya shilingi milioni nne kutoka ng'ambo. Tumpe? Na hizo pesa hukaa wapi hasa?*
*— Mama wa Sufuria Kubwa, Mathare*

Mama wa Sufuria, msimpe. Sisemi kila anayeandika maombi kwa malipo ni mwizi. Kuna niliofanya nao kazi na jasho lao likawa halali. Lakini mwandishi anayejua kazi yake angeanza kwa kuwauliza gorogoro moja ya maharagwe inatoka sahani ngapi. Huyo wenu alianza na milioni nne. Kikundi ambacho hakijawahi kushika hata laki mbili za mtu mwingine hakipewi milioni nne, na kikipewa kitagombana mpaka mahakamani.

Kwanza cheti. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kwa hivyo nyinyi 14 mmepita. Andikeni katiba yenu (kurasa tatu zinatosha, msinakili ile ya chama cha matatu), fanyeni mkutano, chagueni viongozi, wekeni kumbukumbu na sahihi za waliohudhuria, kisha mpeleke vyote kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Mtasikia watu wakiwashauri mjisajili kama shirika la manufaa ya umma, chini ya ile sheria ya 2013 iliyokaa kabatini miaka kumi na moja hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuondoa ya 1990. Ni sheria nzuri, lakini ni koti kubwa kwa mtoto. Cheti cha kikundi, PIN ya KRA ya kikundi na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu vinawatosha kwa sasa. Akaunti iwe ya kikundi. Namba ya simu ya mwenyekiti si akaunti, hata kama mwenyekiti ni mcha Mungu.

Sasa jambo ninalotaka mlishike hata kama mtasahau mengine yote. Mnahitaji daftari, na mlihitaji tangu jana.

Pale Jamhuri mimi nilikuwa kwenye mwiko. Githeri ya watu mamia haikuachii mkono wa kushika kalamu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyechomewa duka lake, hakutaka kuongea na mtu, akawa anakaa kando ya sufuria kutwa nzima akikodolea moto macho. Siku ya pili alikuja na kopo tupu la mafuta ya kupikia na mfuko wa vizibo vya soda alivyookota. Sahani ikitoka, anatumbukiza kizibo. Tang. Sahani, tang. Hakuniambia anafanya nini na mimi sikumuuliza. Usiku akavimwaga chini, akavihesabu kumi kumi, akaniambia, "Mama, 412." Nikaandika nyuma ya bahasha. Kesho yake 438, kesho kutwa 395 kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na chakula kilichelewa, wengine wakalala njaa. Hata hilo nikaliandika.

Miezi minane baadaye shirika moja la kanisa likatuita, vikundi sita, likauliza swali moja tu: mlilisha wangapi? Watano wakajibu "wengi sana". Sisi tukatoa bahasha zetu zenye madoa ya mafuta. Tukapata 180,000, ruzuku yetu ya kwanza, na sikuandika hata neno moja la Kiingereza kikubwa.

Kwa hivyo nunueni daftari lenye jalada gumu na mlipige mistari. Tarehe. Kilichoingia, na kimetoka kwa nani. Kilichopikwa. Sahani zilizotoka. Kilichobaki, na kilipelekwa wapi. Ile sukuma iliyolala iandikeni pamoja na bei ambayo mngeinunua sokoni siku hiyo; huo unga wa posho vilevile; na saa za wapishi pia. Mfadhili atawauliza, "Nyinyi mmetia nini?" Wengi huinamisha kichwa kwa aibu na kusema hawana kitu, ilhali wametia mali ya maelfu kila juma. Mkifungua daftari mkamwonyesha kwamba mwezi wa Aprili mtaa ulijichangia 70,000 kwa unga, sukuma, kuni na jasho, mtaongea naye mkiwa mmekaa kwenye kiti, si sakafuni.

Risiti nayo. Hapa nina kovu. Mwaka 2017 tulinunua magunia ya maharagwe Nyamakima, bei nzuri, mzigo safi, na mwenye duka akatuandikia risiti kwenye kipande cha katoni kwa sababu kitabu chake kilikuwa kimeisha. Nikakubali, maana mkokoteni ulikuwa unasubiri na mvuta mkokoteni alikuwa anatukana. Mfadhili alipokagua hesabu akakataa kile kipande cha katoni. Shilingi 61,000 tukaambiwa tuzirudishe. Maharagwe yalikwisha kuliwa, watu walishiba, mashahidi wapo, lakini karatasi haikuwapo. Tuliuza sufuria mbili na kuchanga kwa miezi mitano. Leo mambo yamekaza zaidi: wafadhili wengi wanataka risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, kwa hivyo kabla hujapanga bei na mtu, muulize kama anaitoa. Akikwambia atakupa kesho, nenda duka la pili.

Sasa, pesa hukaa wapi. Nitapita haraka kidogo hapa kwa sababu majibu hayafurahishi.

Serikalini zipo, lakini haziji mkononi mwa kikundi. Kaunti inaruhusiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kuweka hazina ya dharura isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake. Eneo bunge nalo, chini ya sheria ya 2015 ya NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, hutengewa asilimia 5 kwa dharura. Ila Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba na kuupa mfuko huo mwisho wa 30 Juni 2026, basi msije mkategemea kiti ambacho fundi ameshaanza kukilegeza miguu. Faida yenu huko ni ya aina nyingine. Afisa akija na magunia usiku wa mafuriko, atampa nani apike? Atampa yule ambaye jina lake, cheti chake na daftari lake vilikuwa mezani kwake tangu Januari. Jipelekeni kwa chifu na kwa ofisi ya kaunti ndogo wakati jua linawaka.

Mashirika makubwa ya hapa nyumbani, kama vile Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambao una sheria yake ya Bunge tangu 1965, au Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, ya jimbo kuu la Nairobi, yanahitaji mikono mtaani. Anzeni huko, hata kama mwanzo ni mablanketi na dengu tu.

Na ng'ambo? Mwaka 2016, kwenye mkutano mkuu wa misaada ya kibinadamu kule Istanbul, wafadhili wakubwa walitia sahihi kwamba kufikia 2020 robo ya pesa zao, yaani asilimia 25, zingefika kwa mashirika ya wenyeji, moja kwa moja au kwa njia fupi iwezekanavyo. Ilifika 2020, robo haikufika. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo USAID, shirika lao la misaada, ikawa imefunga milango. Nairobi hii nimeona watu wenye magari ya ofisi wakirudi kupanda matatu namba 46 nasi. Kwa hivyo yule kijana anayewauzia ng'ambo kwa 15,000 anawauzia soko ambalo wenye duka wenyewe wameanza kulihama.

Hizo 15,000 nunueni daftari, kitabu cha risiti na mwiko mrefu. Chenji itabaki ya gunia la maharagwe.

*Mama Hesabu, dada yangu anafanya kazi katika jiko la kanisa moja huko Chicago. Anasema serikali ya Marekani huwapa pesa za chakula na malazi ya dharura kwa watu wao, na wanaoamua nani apate si serikali bali kamati ya watu wa hapo hapo. Je, kanisa letu la Kayole linaweza kuomba? Kama haiwezekani, mbona sisi hatuna kitu kama hicho?*
*— Ndugu wa Kayole*

Ndugu, kuomba haiwezekani. Pesa hizo ni za wilaya na miji ya Marekani. Lakini dada yako hakukudanganya, na swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza.

Mpango anaousema unaitwa Emergency Food and Shelter Program. Ulianza 1983. Mwishoni mwa 1982 Wamarekani wasio na kazi walikuwa wamefika asilimia 10.8, foleni za supu zikarudi mijini, na Bunge lao likatoa pesa za haraka. Kilichonivutia mimi, niliyezeeka kwenye hesabu, ni mahali walipoziweka. Hawakuzitia katika wizara. Waliunda halmashauri ya kitaifa ambayo mwenyekiti wake ni idara ya serikali ya majanga, FEMA, na wajumbe wake ni Msalaba Mwekundu wa kule, Salvation Army, Wakatoliki, baraza la makanisa ya Kiprotestanti na Kiorthodoksi, jumuiya ya Wayahudi, na United Way, shirika la kuchangisha pesa za hisani, ambao ndio wanaoshika daftari. Serikali moja na taasisi sita za hisani, mezani pamoja. Mwaka 1987 wakaiingiza katika sheria ya kuwasaidia wasio na makao.

Halmashauri hiyo hutazama takwimu za ukosefu wa kazi na umaskini, kisha husema wilaya fulani ipate kiasi fulani. Hapo kazi yake ya kuchagua inaishia. Kila wilaya ina halmashauri yake ndogo yenye sura ileile, na lazima awemo mtu asiye na makao au aliyewahi kukosa makao. Soma hapo tena. Mtu aliyelala nje ana kiti mezani panapogawanywa pesa za wanaolala nje. Halmashauri ndogo hutangaza hadharani kwamba pesa zipo, mashirika huomba, nayo huchagua. Anayepewa lazima awe tayari anafanya kazi hiyo. Pesa zile haziwashi jiko, zinaongeza sufuria kwenye jiko linalowaka. Zinalipa chakula, vitanda, hata kodi ya nyumba, kwa desturi ya mwezi mmoja, ili mtu asitupwe nje. Gharama za ofisi? Dola 2 katika kila 100. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, nikikumbuka bajeti nilizowahi kuona hapa ambamo mafuta ya gari yalikula kuliko watoto.

Wana shida zao, usidhani ni peponi. Pesa huchelewa, na mwaka wanasiasa wao wakivutana, majiko hukaa yakisubiri.

Lakini ile halmashauri ndogo tunaweza kuiiba bila kumwomba mtu ruhusa. Jengo lilipoanguka Huruma Aprili 2016, vikundi vinne tulifika siku hiyo hiyo, kila kimoja na moyo wake. Wote wanne tulileta mkate. Mikate ilirundikana mpaka ikaota ukungu, na mama aliyetolewa na mtoto mchanga alizunguka akiomba nepi, hakuna aliyekuwa nayo. Baada ya hapo tukakaa chini ya mti pamoja na mchungaji, imamu, mzee wa nyumba kumi, mwenye duka la jumla, na mwanamke mmoja aliyewahi kubomolewa nyumba mara mbili. Huyo wa mwisho ndiye aliyetufunza. Ndiye aliyesema mtu akibomolewa hataki uji kwanza, anataka mahali pa kuweka godoro lisinyeshewe, na mahali pa kuchaji simu ili jamaa zake wampate. Hakuna afisa angejua.

Basi Kayole fanyeni hivyo sasa hivi, kabla pesa hazijaja. Pesa zikitangulia kabla ya kamati, mtachagua kamati kwa ajili ya pesa. Gaweni kazi: huyu anapika, yule anatafuta nyumba, yule nguo na nepi. Siku mfadhili akija atakuta mlango mmoja wa kubisha.

*Shikamoo Mama Hesabu. Moto uliteketeza ploti zetu Mukuru na mimi nikawa katibu wa kamati ya waathiriwa. Tulipata mfadhili, akaleta mahema. Hakuna aliyeyalalia. Sasa amekasirika, anasema hatuna shukrani. Tumwambie nini, na tungeomba nini badala yake?*
*— Katibu, Mukuru*

Marahaba. Mwambieni aje alale moja usiku mmoja. La, msimwambie hivyo. Hiyo ni mimi nikiwa na hasira.

Mwelezeni kitu ambacho mgeni hawezi kukiona. Baada ya moto, mtu wa Mukuru halali kwenye hema uwanjani kwa sababu akiondoka kwenye kipande chake, kesho atakuta kamba na vigingi vya mtu mwingine. Nimeona baba akilala juu ya jivu lake mwenyewe, lingali na joto chini, amejifunika bati lililokunjamana, kwa futi kumi kwa kumi ambazo hata si zake kwa hati. Mkewe na watoto walikuwa kwa shemeji Pipeline. Yeye alikuwa analinda. Ukimpa hema la familia la kukaa uwanjani, unamwambia aache kulinda. Ukimletea hema hapo kwenye kipande chake, haliingii.

Halafu kuna wapangaji na kuna wenye nyumba, na hao hawaombewi kitu kimoja. Mwenye nyumba anataka mabati, mbao na misumari. Mpangaji akipewa mabati atayapeleka wapi? Atayauza kwa nusu bei jioni hiyo, na mfadhili akisikia atasema watu wa Mukuru ni wezi. Mpangaji anataka kodi. Nairobi malazi ya dharura kwa wengi wetu ni chumba kingine mtaa wa pili na mtu wa kukulipia mwezi wa kwanza. Hata Rais alipofika Mathare Mei 2024, alichoahidi familia zilizobomolewa kando ya mto kilikuwa shilingi 10,000 kila moja, si mahema. Mtu akipata chumba cha 3,500 chenye amana ya mwezi mmoja, hiyo inamwingiza ndani na kumbakizia ya sufuria na jiko.

Kwa hivyo andikeni orodha mbili. Ya wenye nyumba iwe na vipimo vya kila chumba na idadi ya mabati. Ya wapangaji iwe na chumba alichokipata, jina la mwenye chumba, na kodi. Pesa zitumwe moja kwa moja kwa mwenye chumba kwa M-Pesa, ujumbe uhifadhiwe, na karatasi ndogo isainiwe na watatu: mpangaji, mwenye chumba, na wewe katibu. Mwandikeni humo kwamba mwenye chumba hatapandisha kodi wala kumfukuza kabla ya miezi mitatu. Najua, mahakamani karatasi hiyo ni nyepesi. Mtaani si nyepesi hivyo, hasa mzee wa nyumba kumi akiwa ameiona ikisainiwa.

Na yale mahema msiyarudishe. Wekeni moja liwe kliniki, moja la watoto wa chekechea, moja la kuhifadhi vitu vilivyookolewa, mpige picha mmpelekee mfadhili. Hasira yake itapoa. Wengi wao hukasirika kwa sababu na wao wana bosi anayesubiri picha.

*Mama, kanisani kwetu orodha ya wanaopokea chakula imebandikwa mlangoni na namba za vitambulisho na simu, ili "kuwe na uwazi". Ni sawa?*
*— Msomaji, Dandora*

Ibandueni leo, msingoje Jumapili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi wa kanisa. Na hata kama isingekuwepo, namba ya simu na ya kitambulisho ya mjane vikiwa mlangoni, kesho atapigiwa na mtu anayejiita afisa wa msaada akimtaka atume 300 za "usajili". Uwazi ni wa pesa: bandikeni kiasi kilichoingia, kilichonunuliwa na kwa bei gani, na familia ngapi zimepata. Majina yakae kwenye daftari, daftari likae kabatini, na ufunguo ukae kwa watu wawili.

Na picha za watoto wakipokea unga, jamani, hapana. Ukitaka picha, piga sufuria.

*Mama Hesabu, hatimaye tumepata ruzuku ya 350,000 ya miezi mitatu. Afisa aliyetusaidia amesema "tusimsahau", kwa sauti ya chini, akataja asilimia kumi. Pili, wanachama wanabishana: wapishi walipwe au wajitolee? Wengine wanasema kulipana ni kula pesa za maskini.*
*— Mweka Hazina Aliyechoka, Korogocho*

Mweka hazina mwenzangu, pole na hongera.

Huyo afisa mwambie, ukitabasamu kabisa, "Sawa mkubwa, tuandikie barua tuiweke kwenye faili, maana mkaguzi atauliza." Niliwahi kuombwa hivyo na mtu wa ofisi ambayo sitaitaja, nikatumia maneno hayohayo, na hakurudia. Ruzuku ya pili hatukupata, hilo nalo nalikiri. Tulikaa mwaka mzima tukipika kwa michango. Lakini ile asilimia kumi, elfu 35 kwenu, mngeiandika vipi? Ingekuwa maharagwe ambayo hayakununuliwa, na risiti ya uongo ya kuyafunika, na sahihi yako wewe chini yake. Si ya mwenyekiti. Yako.

Kuhusu wapishi: walipeni, mradi bajeti iliyokubaliwa na mfadhili ina mstari huo. Kama haina, mwandikieni muombe kuhamisha pesa kabla hamjalipa hata shilingi moja, na msubiri jibu la maandishi. Mwanamke anayeamka saa kumi usiku kuwasha kuni ameacha kibarua cha kufua Eastleigh ambacho kingempa chakula cha wanawe. Ukimwambia ajitolee siku 90 unamfanya maskini wa kulishwa na sufuria anayoipika. Posho ya kutwa, ndogo, inayojulikana na wote, kila mmoja akisaini mwenyewe siku hiyohiyo. Msiache kusaini hadi mwisho wa mwezi, maana hapo ndipo sahihi zote huanza kufanana.

Na anayeosha sufuria alipwe sawa na mpishi. Wapishi watalalamika. Wapeni sufuria moja ya githeri iliyoshika chini, ya lita mia, na jerikani moja ya maji, kisha muwaulize tena jioni.